Upepo wa Nyuma ya Vakyumu

Mmeniomba niwaachie maneno mawili matatu kuhusu kazi, nanyi mnanijua: nikiombwa maneno mawili natoa gunia zima. Basi wekeni chai jikoni. Mwezi uliopita, siku ya kuniaga, mlinikatia keki yenye umbo la vakyumu, mpira wake wote sukari tupu, nami nikaula mpira huo peke yangu bila kumwambia daktari. Sasa niko nyumbani. Magoti yananiuma kwa zamu, leo la kushoto, kesho la kulia, na nina nafasi ya kusema yale ambayo hayakusemeka tulipokuwa tumeinamia meza.

Sitasimulia nilivyopanda cheo, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye bisibisi na mwenye kuitafuta. Nitasimulia namna ya kumchagulia mtu vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi, wakati nyumba yake ina paka au mbwa. Ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na ndiyo niliyoikosea vibaya kuliko zote. Kosa langu halikuniumiza mimi. Lilimwangukia mwanamke mwingine, na kwa ajili yake nawaomba msome mpaka mwisho.

Kwa wale waliokuja juzi na wananijua kwa jina la Mama tu: naitwa Zaituni, Mnubi wa Bombo. Babu wa babu yangu alikuwa askari aliyeletwa kutoka Sudan enzi za Mwingereza, na ndiyo maana nyumbani kwetu mlikuwa na Kinubi, Kiswahili na amri. Baba aliendesha lori, mama alisuka vikapu, mimi nikataka kujua kwa nini redio inasema. Nilisomea umeme chuoni, msichana peke yangu darasani, na nilipomaliza nilikuwa najua kusuka mota na kunyamazisha wavulana. Ufundi wa pili ulinifaa mapema zaidi.

Karakana wakati ule ilikuwa ghorofani hapo Nakivubo, juu ya wauza viatu, na kelele za teksi zilipanda hadi dirishani tangu asubuhi. Mwenyewe alikuwa Mzee Ouma, Mkenya wa upande wa Kisumu, aliyekuja Kampala kutengeneza mashine za hoteli moja kwa miezi mitatu akasahau kurudi. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi zangu mpya zimepangwa kwa urefu. Hakuzitazama. Alinipa brashi ya rangi, akaniambia nipanguse meza, kisha akanisukumia vakyumu kubwa ya buluu.

"Nyar Bombo," akasema, yaani binti wa Bombo kwa Kijaluo, na tangu siku ile hakuniita vingine. "Fungua tumbo."

Nikafungua. Likatoka bonge la kijivu lenye manyoya, nikapiga ukelele, nikaruka nyuma nikijua nimemgusa panya aliyekufa. Mzee Ouma alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Huyo si panya. Huyo ni paka wa mzungu mmoja wa Kololo. Nusu yake."

Enzi hizo aliyekuwa na vakyumu Kampala alikuwa mgeni au hoteli, na aliyelaza mnyama juu ya kochi alikuwa mgeni tu. Sisi wengine mbwa alikaa getini na paka alikaa anakojua mwenyewe. Kwa hiyo nilijifunza nywele za wanyama kabla sijajifunza wanyama wenyewe.

Siku ya pili ililetwa mashine ya nyumba ya mbwa, nami nikarudi hatua moja nyuma. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na mimi nilikuwa sijui kama mpira ule ulitafunwa au haukutafunwa. Nilidhani mzee atanifukuza. Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua chaki, akaandika M juu ya mashine ile na P juu ya nyingine.

"Za mbwa ni zangu, za paka ni zako," akasema. "Kazi ni mingi, hakuna haja ya kubishana na Mungu."

Tukaishi hivyo miaka kumi na moja. Wateja walidhani P ni pokea na M ni maliza, tukawaacha. Kila mmoja alifungua za kwake, na jioni tukifunga tulielezana tulichokiona. Ndiyo shule niliyosoma. Yeye aliniambia kwamba nywele za mbwa ni ngumu, zinajifunga kwenye brashi inayozunguka kama uzi kwenye cherehani, zikafika kwenye beringi, zikaziyeyusha kwa joto la msuguano. Tiba yake ni kifumulio cha mshonaji, kile cha kufungulia mishono: pitisha kando ya brashi mara moja kwa wiki, nywele zote zinaachia. Mimi nilimwambia kwamba za paka ni nyepesi na laini, hazikai kwenye brashi. Zinapita, zinakwenda ndani, zinakutana na vumbi letu jekundu la barabarani, na vikiunganika hivyo viwili vinakuwa blanketi. Blanketi hilo linajitandika juu ya filta, mashine inakosa pumzi, mteja anasema mota imekufa. Mota haijafa. Imefunikwa.

Kwa hiyo vitabu vya maelezo vinavyokuja na mashine visomeni, lakini kumbukeni aliyeviandika hajawahi kuishi kando ya barabara ya murram isiyo na lami. Akisema osha filta kila baada ya miezi mitatu, hapa ni kila wiki tatu. Akisema ianike saa ishirini na nne, hapa wakati wa mvua ni siku tatu kivulini, na ikirudishwa na unyevu itanuka mbwa hata kama nyumba haina mbwa. Mashine ya betri inafaa umeme unapokatika, ila kwenye kapeti nene na paka watatu itachoka kabla yako. Ya kikombe cha kioo inapendwa kwa sababu mtu anaona alichokusanya, na binadamu hupenda kusifiwa hata na uchafu. Ya mfuko haina raha hiyo, lakini uchafu unatoka umefungwa, pamoja na mayai ya viroboto. Msiwashonee wateja mifuko ya kitambaa kuokoa mifuko ya dukani. Nilishona, naungama, na vumbi lilipita katikati ya nyuzi kana kwamba limealikwa.

Mzee Ouma alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikanichosha. "Vakyumu ni ya kuchukua uchafu, si ya kuutembeza. Kilichoingia mbele kisitoke nyuma." Kila alipomaliza mashine aliiwasha, akasimama nyuma yake, akakinga kiganja kwenye matundu ya upepo, kisha akakitazama kiganja. Mimi niliona ni mazoea ya uzee, sawa na kugonga mlango wa gari baada ya kuufunga.

Macho yake yalipoanza kumsaliti alirudi kwao. Aliniachia meza, kifumulio na mbwa wote wa Kampala. Nikaenda kwa shehe wetu kumuuliza. Alinisikiliza vizuri, akataka kujua kama mbwa hulamba mashine. Nikasema sijui, huenda wanalamba. "Vaa glavu, nawa vizuri," akasema, "na uache kutafuta sababu ya kukataa kazi." Nikavaa glavu.

Miaka iliyofuata mji ulibadilika. Wenyeji nao wakaanza kulaza paka kwenye kochi na mbwa wadogo wenye majina ya Kizungu chumbani. Karakana ikajaa, nanyi wa kwanza wenu mkaja. Kilichokosekana kilikuwa filta. Mashine zilifika mjini za kila aina, filta zake hazikufika. Na mteja wa Kampala ana kipimo kimoja tu: anaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, na kiganja kisiponata anasema fundi ni mwizi. Mafundi wote wa Nakivubo tulikuwa na dawa ya hilo. Unafungua mgongo wa mashine, unatoa filta ya nyuma iliyoziba, unafunga bila kurudisha kitu. Mashine inapiga kelele, kiganja kinanata, mteja anatabasamu. Tuliita kuivua shati. Mzee Ouma hakuwahi kuivua mashine shati hata mara moja. Mimi nilianza mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka, na wenzenu wawili niliwafundisha mimi mwenyewe.

Sasa niwaambie habari za Mama Kirabo. Alikuwa mke wa afisa wa jeshi, Muganda, akikaa kule juu, kilimani Mbuya, katika nyumba yenye kapeti kutoka ukuta hadi ukuta na paka watatu. Kiswahili chake alikipata kambini na alikitumia kama mtu anayekagua gwaride. Vakyumu yake nilimchagulia mimi, ya kikombe, nyekundu, nzuri kuitazama. Nilimuuliza ana paka wangapi, kapeti ni ya aina gani, umeme wao ukoje. Niliona nimeuliza yote. Baada ya miezi minane akairudisha, imezibwa na blanketi lile lile. Filta yake haikuwepo mjini, nikaivua shati.

"Eh! Sasa hii ndiyo mashine!" alisema alipoweka kiganja. "Zaituni, wewe uko fundi ya ukweli."

Nilifurahi, sifichi. Wake wa maafisa wa kilima kile walikuwa wanaambiana kila kitu, na wiki ile ile walikuja wawili wengine.

Ilipita kama miezi miwili akanipigia simu. Nilikuwa na skrubu mbili mdomoni na mota mkononi.

"Zaituni, Fulaha anasema ile mashine inamtupia vumbi kwa uso."

Furaha, ambaye yeye alimwita Fulaha, alikuwa mfanyakazi wa nyumba ile. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nikatema skrubu, nikajibu bila kufikiri hata kidogo: "Mashine haina shida, madam. Labda hajui kuitumia. Mwambie amwage kikombe polepole."

Hayo tu. Nikarudisha skrubu mdomoni. Katika kazi yangu yote sijasema maneno mepesi kuliko yale, wala yaliyomlemea mtu zaidi.

Jumatano moja, miezi kadhaa baadaye, Mama Kirabo aliniita Mbuya kwa sababu mashine ilikuwa inanuka moto. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha Kongo, cha Bukavu, kisha akageuza uso pembeni akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilimshika mabega. Mama Kirabo alingoja Furaha aende jikoni, akanisogelea.

"Huyu anaondoka Ijumaa. Kifua. Wamempima mala mbili, wanasema hapana TB, lakini mimi niko na wajukuu hapa ndani. Nimeambia hata wale wa jilani wachunge."

"Amekaa hapa muda gani?"

"Miaka ine. Mutu muzuri, bambi, namuhurumia. Lakini kifua ni kifua."

Nikaiweka mashine chini kwenye korido, nikaigeuza. Mnajua desturi yetu: tukifunga mashine tunadondosha tone la rangi ya kucha kwenye skrubu, ili ikirudi tujue kama kuna mwingine aliyeifungua. Matone yangu mekundu yalikuwa mazima, yote manne. Hakuna aliyegusa tangu mimi. Nilipoyavunja na kufungua mgongo, nyuma ya mota hapakuwa na kitu. Kuta za ndani zilikuwa zimeota vumbi na nywele za paka kama mkate uliooza.

Nikamwita Furaha, nikamwomba anionyeshe anavyofanya kazi. Akapiga magoti kando ya kochi, bomba mkono wa kulia likiingia chini, na mashine ikiwa ubavuni kwake. Matundu ya upepo yalikuwa yanatazama moja kwa moja shavu lake. Makochi ya nyumba ile yalikuwa saba, na vitanda vitano.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku, mama. Juu ya bile bipaka." Akanitazama machoni. "Miye nilisemaka. Madam akaniambia fundi amesema sijue kutumikisha."

Nilikuwa na filta ya aina nyingine mfukoni. Nikaikata kwa mkasi, ikakaa. Nikafunga mashine, nikatia matone mapya. Mama Kirabo akaja kuuliza ilikuwa nini.

"Nimeisafisha," nikasema. "Sasa iko sawa."

Nikabeba mfuko wangu nikatoka. Nilipofika barabarani niliona aibu kiasi cha kushindwa kumwita boda, nikateremka kilima kwa miguu. Nilijiambia filta imerudi, kifua kitapona, yatakwisha yenyewe. Nilijua ni uongo. Ijumaa ilikuwa keshokutwa na kifua hakiponi kwa siku mbili. Niliogopa kilima kizima kisikie kwamba Zaituni anaharibu mashine za watu, hiyo ndiyo kweli, na nimeibeba muda mrefu wa kutosha kuiandika bila kuipamba.

Ijumaa jioni nilimpigia Mzee Ouma kule kwao. Nikamweleza, nikizunguka zunguka. Alinikatiza.

"Nyar Bombo, uliivua shati?"

"Niliivua, mzee."

"Mashine ungeivua ya kwako. Hicho kifua ni cha mwenyewe." Kisha akasema, bila ukali, "Enda useme. Usiende kutengeneza kitu, enda useme tu."

Jumamosi asubuhi nikapanda Mbuya mikono mitupu. Furaha alikuwa amekwisha ondoka. Nikamwambia Mama Kirabo sebuleni, nimesimama, kwamba filta nilitoa mimi, kwamba mashine ilikuwa inapuliza vumbi miezi yote ile, kwamba Furaha alisema kweli na mimi nilimsingizia kwenye simu bila hata kuitazama mashine. Nikasema mimi si daktari, sijui yote yaliyomo kifuani mwake, lakini vumbi la kwangu limo.

Paka mmoja aliruka mapajani mwake, naye akamshusha.

"Mimi nilimwambia hajui kazi," akasema. "Mbele ya wajukuu. Miaka ine." Kisha akasimama. "Toka kwanza, Zaituni. Nikikutazama nasikia kasilani."

Nikatoka. Mlinzi wa geti aliniambia Furaha amekwenda kwa mama yake Bwaise, akanieleza njia. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yamejaa vichochoroni, watu wanapita juu ya matofali waliyoyapanga. Nilimkuta nje ya chumba cha mama yake akifua nguo za watu kwenye beseni tatu, mama mwenyewe ameketi mlangoni akichambua maharage. Alikuwa anakohoa bado, ila kikohozi kilikuwa kimepunguza kumtikisa. Nikamwambia yale yale. Aliendelea kusugua shati mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Ile upepo ilikuwa inanuka bipaka. Vumbi ya chini haiko na ile harufu."

"Nisamehe, Furaha."

"Nimesikia, mama. Lakini pole yako nitaifanyia nini? Tangu madam alisemaka nitatoka, nilienda nyumba tatu kule Mbuya kuomba kazi. Kila mulango bananiuliza, ni wewe wa kifua? Bantu bote banajua jina langu ni TB." Akakamua shati, akalikung'uta. "Miye ninataka madam aseme. Kama vile alisemaka mbaya, aseme muzuri. Kwa bale bale."

Hicho ndicho alichotaka, na hakukuwa na fundi wa kukitengeneza isipokuwa mtu mmoja. Nikampigia Mama Kirabo pale pale, nimesimama kwenye tofali, nikamweleza. Akauliza, "Yuko hapo?" Nikasema yuko. Akasema, "Mwambie Jumanne aje kwa karakana yako. Nitakuja kununua mashine ingine, yeye ndiye atachagua." Kisha akakata simu. Mke wa afisa haulizi kama nafasi ipo.

Jumanne ile baadhi yenu mlikuwepo, mlikuwa mnajifanya kutafuta beringi ili msikilize. Nilikuwa nimepanga mashine nne sakafuni na kumwaga kwenye kapeti chakavu mchanganyiko wetu wa majaribio, nywele za paka na vumbi jekundu. Mama Kirabo aliingia na miwani ya jua, akakaa. Furaha aliingia nyuma yake amevaa gauni la kanisani, mkononi leso nyeupe. Furaha akapiga goti kidogo kumsalimu kama alivyozoea, na Mama Kirabo akatazama ukuta.

Nikaanza kueleza nguvu ya mota na ukubwa wa kikombe. Furaha akanikatiza kwa upole.

"Washa tu, mama."

Nikawasha ya kwanza. Hakugusa bomba. Alizunguka nyuma ya mashine, akapiga magoti, akaweka uso wake kwenye matundu ya upepo, macho amefumba, huku mimi nikivuta nywele kwenye kapeti. Miaka yote ile nilikuwa nimewaona mamia ya wateja wakiweka kiganja mbele. Sikuwa nimemwona hata mmoja akiweka uso nyuma. Alipoinuka alijifuta mashavu kwa leso, akaifunua, ikawa na doa la rangi ya matofali. Akakohoa. Akakunja leso upande mwingine.

"Ingine."

Ya pili ilikuwa ile yenye taa, ambayo Mama Kirabo alikuwa ameshaipenda. Doa dogo zaidi, lakini doa. Ya tatu ikampulizia harufu ya mota. Ya nne ilikuwa ya mfuko, ya kahawia, nzito, imebaki karakanani mwaka mzima bila mnunuzi kwa sababu ya sura. Alikaa nyuma yake muda mrefu. Nilivuta kapeti yote hadi ikaisha. Akajifuta, akaifunua leso, akamwonyesha Mama Kirabo. Ilikuwa nyeupe.

Mama Kirabo alivua miwani. Akatoa simu, akaweka spika ili sote tusikie, akampigia jirani wa kwanza. "Wewe, habali. Ile maneno nilisema ya Fulaha, nilisema vibaya. Hakuna ugonjwa. Ilikuwa mashine yangu, na mimi sikumsikia." Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kwa kila mmoja alitaja jina la Furaha vizuri na lake mwenyewe vibaya, sauti imenyooka kabisa, na jina langu hakulitaja ingawa alikuwa na haki. Furaha alisikiliza akiwa amesimama, anahesabu nyumba kwa vidole.

"Bado mama wa geti ya kijani," akasema.

Akapigiwa mama wa geti ya kijani.

Simu ilipokwisha Mama Kirabo akafunga mkoba. "Haya, Fulaha. Jumatatu uje. Chumba yako iko vile uliacha."

"Aksanti, madam. Sirudi."

"Hurudi?" Aligeuka kunitazama mimi, kana kwamba nami nilikuwa sehemu nyingine iliyoharibika. "Sasa kama hurudi, kwa nini umelala nyuma ya mashine nne unameza vumbi?"

Furaha alikuwa anaikunja leso yake, kona kwa kona.

"Juu ya ule mwenye atakuja kufanya kazi nyuma yangu, madam. Na yeye iko na kifua ya kuchunga."

Nilitaka kuwabebea ile mashine ya kahawia hadi chini kwenye gari. Mama Kirabo alinizuia kwa mkono, akaichukua mwenyewe kwa mikono miwili, mke wa afisa na viatu vyake vya kisigino, akateremka nayo ngazi moja moja.